Mwenzako Yuko Wapi? Marafiki Walioileta Injili Ukambani

  Niliahidi kwamba tutazungumza juu ya marafiki katika huduma, na leo natimiza. Somo ni refu kidogo, kwa hivyo jitengenezee chai kwanza, kisha ufungue Biblia yako Mhubiri 4:9-12 na 2 Timotheo 4:9-16. Soma mistari hiyo kabla hujaendelea. Mimi nitakungoja.

Umesoma? Haya, tuanze.

Kuna jambo linalonisumbua moyoni. Siku hizi mtumishi anaweza kuwa na wafuasi maelfu kwenye simu na asiwe na rafiki hata mmoja. Kuna mchungaji mmoja, upande wa barabara ya kwenda Wote, aliyelazwa hospitali wiki tatu. Chini ya picha yake watu waliandika "pole mtumishi" na "tunakuombea" mpaka ukashindwa kufika mwisho. Nilipoenda kumwona, muuguzi aliniuliza kama mimi ndiye ndugu yake, maana tangu alazwe alikuwa amemwona mkewe peke yake kando ya kitanda. Wapendwa, wale wote walioandika pole walikuwa wapi?

Nimeona nisiwahubirie kwa maneno matupu. Nimeona niwarudishe nyuma, tuangalie Injili ilifikaje kwetu Ukambani na ni nani waliibeba. Tukifuatilia habari hiyo tutaona kitu ambacho mabango ya mikutano yetu hayaonyeshi. Bango huwa na picha ya mtu mmoja. Historia ina watu wawili wawili, watatu watatu, na mara nyingi yule wa pembeni ndiye aliyefanya kazi isife.

SWALI LA WATU WA KIVOI

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja aitwaye Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Akabaki. Akaweka kituo Rabai, na mwaka 1849 akapanda bara mpaka Kitui, kwa Kivoi Mwendwa.

Kivoi hakuwa Mkristo. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu wa misafara mirefu kati ya bara na pwani, na jina lake lilijulikana njia nzima. Alimkaribisha Krapf kwake na kumweleza habari za mlima mweupe ulio mbali. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Huko Ulaya wasomi walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wakamba walikuwa wakiiona kila asubuhi palipo peupe. Mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Krapf, ilichapishwa Ujerumani. Fikiria hilo, ndugu Mkamba. Neno la Mungu kwa lugha ya mama yako lilichapishwa nusu karne kabla reli haijafika Nairobi.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, akafunga safari na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf akaponea msituni, peke yake, bila chakula, akitembea usiku kwa kuogopa kuonekana mchana. Alipopata maji hakuwa na chombo cha kuyabebea, akayajaza ndani ya mitutu ya bunduki yake. Mwishowe akafika kwa watu wa Kivoi akiwa hoi.

Alipokelewa vipi? Kwa swali. Ulitoka hapa na mtu wetu. Yeye amekufa na wewe u hai. Imekuwaje? Walimwambia ilimpasa afe pamoja naye. Krapf akaona maisha yake yako hatarini, akatoroka usiku, akarudi Rabai kwa taabu kubwa.

Mimi simhukumu Krapf. Kama ningekuwa mimi siku ile mtoni, sijui miguu yangu ingenipeleka wapi. Lakini nataka tulitazame swali la wale wazee, kwa sababu lina hekima ndani yake. Kwao mtu uliyesafiri naye si abiria uliyekutana naye kwenye matatu, kila mmoja akashukia kituo chake. Ukitoka na mtu utarudi naye, au utaeleza. Munyanya, kwa Kikamba, ni mtu ambaye utaulizwa habari zake.

Na hilo ndilo swali la kwanza Mungu alilomuuliza mwanadamu juu ya mwanadamu mwenzake. Mwanzo 4:9, Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi, naye akajibu kama mtu asiyehusika. Wazee wa Kitui hawakuwa wamesoma Mwanzo, lakini waliuliza swali lilelile.

MKONO WA ISAAC NYONDO

Krapf hakuwa peke yake Rabai. Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, naye ndiye aliyeuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Wawili hawa hawakufanana hata kidogo. Krapf alikuwa mtu wa kusonga mbele, mwenye ndoto ya mlolongo wa vituo kutoka bahari ya huku mpaka bahari ya kule. Rebmann alipenda kukaa mahali pamoja, ajifunze lugha, angoje. Walipishana mawazo kuhusu namna ya kufanya kazi. Nalisema hili kwa sababu kuna Wakristo wanaofikiri rafiki wa kweli ni yule anayekubaliana nawe kila kitu. Huyo anaweza kuwa mtu anayekuogopa tu.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimlazimu kuondoka. Rebmann akabaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alimzika mkewe. Waongofu walikuwa wachache mno. Kama angepimwa kwa hesabu zetu za leo, angeitwa mtumishi aliyeshindwa. Halafu macho yake yakaanza kufa, polepole, mpaka akawa kipofu.

Mwaka 1875 Rebmann alisafiri kurudi Ulaya. Kipofu hawezi kupanda meli peke yake. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, Mwafrika. Nyondo alimwongoza yule mzee kuvuka bahari mpaka Ulaya, akamfikisha kwa watu wake, kisha akarudi Rabai kumtumikia Mungu.

Tulizoea kuambiwa kwamba wamishenari walikuja kutushika mkono. Sawa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini safari ya mwisho ya Rebmann, mkono ulioshika ulikuwa wa Mrabai. Na huko Ujerumani, katika mji wa Korntal, Krapf alikuwa akimngoja. Yule mwenzake waliyepishana naye mawazo ndiye aliyempokea akiwa kipofu. Rebmann alikufa huko mwaka 1876. Krapf alimfuata mwaka 1881, akazikwa katika mji huohuo.

Mpendwa, kuna mtu kanisani kwenu amehudumu miaka mingi na sasa macho yake hayaoni vizuri. Labda ni mama aliyekufundisha Sunday school. Labda ni mzee aliyefungua ibada za kwanza chini ya mti kabla ya mabati. Nani amemshika mkono?

WALIOBEBA MWILI

Sasa tutoke kidogo Ukambani, kwa sababu njia iliyoleta misheni ya Machakos ilipitia kaburi moja London.

Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa mbali na pwani, mbali na Mzungu yeyote. Watu aliokuwa nao wangeweza kumzika hapohapo, wagawane mizigo, kila mtu aende kwao. Hakuna ambaye angewauliza. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walitembea miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Wengine walikufa njiani. Majina yanayokumbukwa zaidi ni Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. Chuma na Wainwright walikuwa wameonja utumwa utotoni kabla ya kukombolewa. Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, na Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Unajua ni kwa nini nimewapeleka huko? Miaka ya mwanzoni ya 1890, kijana mmoja aliyezaliwa Glasgow na kukulia Marekani, Peter Cameron Scott, alikwenda Kongo kuhubiri. Ndugu yake John akamfuata wafanye kazi pamoja. Baada ya miezi michache tu John akafa. Peter akatengeneza jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi mwenyewe, akamzika ndugu yake. Kisha naye akaugua, ikabidi arudi Uingereza akiwa amevunjika mwili na roho.

Siku moja aliingia Westminster Abbey, akapiga magoti kwenye kaburi la Livingstone. Juu ya jiwe lile yameandikwa maneno ya Yohana 10:16, yale ya Bwana Yesu kuhusu kondoo wengine walio nje ya zizi. Scott akasimama kutoka pale akiwa ameamua kurudi Afrika hata kama itamgharimu maisha.

Sasa hebu tuhesabu pamoja. Kama Susi na Chuma na wenzao wangeuacha mwili Chitambo, lile kaburi lisingekuwa London. Scott angepiga magoti wapi? Wapagazi wale hawakujua kwamba katika kumbeba rafiki yao aliyekufa walikuwa wanaitengenezea njia misheni ya Ukambani. Walikuwa wanafanya tu kile rafiki hufanya. Wewe pia hujui sahani moja ya muthokoi unayompelekea mgonjwa Mungu ataitumia wapi baada ya miaka 20.

WANANE WALIOFIKA, MMOJA ALIYEBAKI

Scott alirudi Marekani, na mwaka 1895 Africa Inland Mission ikaanzishwa Philadelphia. Mwezi Agosti mwaka huo kundi la watu 8 liliondoka New York, wanaume na wanawake, akiwemo dada yake Margaret. Mwezi Oktoba wakafika Mombasa, na Desemba wakafungua kituo cha kwanza Nzaui, ambako leo ni kaunti ya Makueni. Baada ya hapo wakafungua Sakai, Kilungu na Kangundo. Mwaka uliofuata wazazi wa Scott wakaja kujiunga na kazi.

Tarehe 4 Desemba 1896, Peter Cameron Scott akafa kwa homa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa amekaa Ukambani mwaka mmoja na kidogo.

Baada yake wengine wakafa, wengine wakaugua, wengine wakaacha kazi wakarudi kwao. Wakati huohuo ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye, njaa iliyokutana na watu kila mahali, mwishoni mwa miaka ya 1890. Watu waliuza kila kitu. Familia zilitawanyika. Kufikia mwaka 1899 misheni ile iliyoanza na nguvu ilikuwa na mtu mmoja tu kazini, William Gangert.

Mmoja! Ukikumbuka jina la Scott, likumbuke na la Gangert. Scott jina lake lilipewa chuo kilichofunguliwa mwaka 1962 pale Mumbuni, ambacho sasa ni Scott Christian University, na wengi wenu mnapita langoni pake. Gangert hana chuo. Lakini kama Gangert naye angefunga mlango, wenzao wa ng'ambo wangekuwa na kila sababu ya kusema kazi ya Ukambani imekufa na mwanzilishi wake. Mwaka 1901 Charles Hurlburt, aliyekuwa mkurugenzi wa misheni huko Marekani, alileta mkewe na watoto wake wakaja kuishi huku. Aliona haiwezekani kuendelea kutuma vijana wafe huku yeye akikaa ofisini. Kuanzia hapo kazi ikasimama tena, na mwaka 1902 kituo kikafunguliwa hapa Machakos.

Rafiki katika huduma huonekana pale msisimko unapokwisha. Siku ya uzinduzi kila mtu yupo, viti havitoshi. Uliza nani yupo mwaka wa tatu, mvua ikiwa imekosa, sadaka ikiwa imepungua na mwanzilishi yuko kaburini.

NENO LILILOTOKA KWA KIKUVI

Katika wale 8 wa kwanza kulikuwa na kijana aitwaye Willis Hotchkiss na mwingine aitwaye Fred Krieger. Hotchkiss alisimulia baadaye kwamba aliishi miaka minne huku karibu peke yake, na kwamba homa ilimwangusha mara 30. Lakini taabu iliyomuuma zaidi ilikuwa ya neno moja.

Alitaka kuwaambia Wakamba kwamba Yesu anaokoa. Hakuwa na neno. Alijua neno la maji, la moto, la mbuzi, la kuja na kwenda. Neno la kuokoa hakulipata. Alisikiliza miaka miwili na nusu, akiuliza kwa ishara na kwa kuzunguka, bila mafanikio. Mhubiri bila neno la wokovu! Atahubiri nini?

Jioni moja, kando ya moto, Mkamba mmoja aitwaye Kikuvi alikuwa anasimulia jinsi simba alivyomshambulia Krieger. Kikuvi mwenyewe alikuwapo, na yeye ndiye aliyemnusuru Krieger kutoka kwa simba. Hotchkiss akakaa wima, akisikiliza kila neno, akingoja. Hadithi ikaenda mpaka karibu kwisha. Ndipo Kikuvi, bila kujua kuna mtu anayewinda neno kinywani mwake, akasema kwamba Bwana yule aliokolewa na Kikuvi.

Hotchkiss akaruka. Lile ndilo neno! Akamweleza Kikuvi palepale kwamba ndicho ambacho amekuwa akitaka kusema muda wote: kama wewe ulivyomwokoa Krieger, ndivyo Yesu alivyokuja kutuokoa sisi. Na uso wa Kikuvi ukang'aa, kwa maana sasa alielewa yule mgeni alikuwa anahangaika na jambo gani.

Wapendwa, mimi nikifika hapa huwa natulia. Leo tunaimba Mutangiii katika kila kigango cha Ukambani na hatufikirii mara mbili. Lakini tazama mpangilio wa Mungu. Kabla Hotchkiss hajaweza kumwambia Kikuvi kwamba Mwokozi yupo, ilibidi Kikuvi amwokoe mmoja wao. Mkamba alikuwa amekwisha kufanya kwa rafiki yake kile ambacho mhubiri hakuwa na neno lake. Alihubiri kwa mkono, halafu mhubiri akapata la kusema kwa kinywa. Na watu hata leo hupata maana ya neno "Yesu anaokoa" kwa namna hiyo. Wanatazama kwanza kama kuna mtu wa Yesu aliyekuja simba alipokuja.

Hotchkiss hakumalizia kazi yake hapa. Mwaka 1902 yeye na wenzake wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianza kazi Kaimosi, kwa Waluhya. Kanisa lao wanaitwa Friends, yaani Marafiki, wale Maquaker. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Maquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtu aliyejifunza neno la wokovu kando ya moto Ukambani akaenda kulihubiri magharibi, katika kanisa linaloitwa Marafiki. Mungu ana njia zake.

WAWILI NA BIBLIA MOJA

Sisi Wapentekoste tunapenda kusema habari za moto wa Roho Mtakatifu, na ni vyema. Basi nikwambie moto mmoja ulivyowashwa Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka kabisa. Rwanda ilikuwa imepita katika njaa kali, na yeye mwenyewe alihisi ni mkavu ndani. Akaenda Kampala kupumzika. Juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile ya kumjua Mungu zaidi. Hakukuwa na kongamano. Waliketi wawili na Biblia, siku mbili, wakifuatilia mistari inayohusu Roho Mtakatifu, wakaomba.

Mzungu na Mwafrika, katika siku za ukoloni, wameketi chini ya Neno moja kama watu sawa, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake. Kutoka kwa urafiki huo na wa wenzao kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na William Nagenda, uamsho ulienea Rwanda, Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukaendelea Tanganyika. Wale ndugu wa uamsho walifundisha kutembea nuruni, yaani kutomficha mwenzako dhambi yako. Siku za Mau Mau, wengi wao katika eneo la kati walikataa kiapo na pia walikataa kubeba silaha upande wa serikali, na baadhi yao waliuawa. Ndugu zao hawakuwakana.

Na hapa kwetu, mwaka 1945, Wakamba waliotaka kanisa linaloongozwa na Waafrika wenyewe walianzisha African Brotherhood Church, ambayo makao yake ni Mitaboni. Angalia jina walilochagua. Walikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Wakachagua undugu. Naona walikuwa wanasema kwamba Injili bila undugu haijafika.

TUNAJIBU NINI?

Narudi kwa Paulo katika 2 Timotheo 4. Mtume yuko gerezani, anajua mwisho umekaribia. Mtu aliyeanzisha makanisa miji mingi anamwandikia kijana Timotheo amwombe mambo ya kawaida kabisa: njoo upesi, niletee joho langu, niletee vitabu. Dema ameniacha. Luka peke yake yuko nami. Na mwambie Marko aje nawe. Marko yupi? Yuleyule ambaye Paulo alikataa kusafiri naye katika Matendo 15, mpaka akatengana na Barnaba kwa sababu yake. Miaka imepita. Sasa Paulo anasema anamhitaji.

Kama Paulo alihitaji marafiki, wewe mchungaji wa kanisa la mabati hapa Katoloni unafikiri utamaliza mbio peke yako?

Kwa hivyo, mpendwa, fanya mambo matatu wiki hii.

La kwanza, nenda. Usitume ujumbe tu. Nyondo alipanda meli. Wewe unahitaji nauli ya matatu. Kama kuna mtumishi mgonjwa, mzee, au aliyeondoka huduma kwa aibu na hakuna anayemtaja tena, nenda ukaketi naye. Ukikosa la kusema, kaa tu. Osha vyombo. Chota maji.

La pili, mtafute mmoja wa kuketi naye chini ya Neno. Si lazima awe wa kanisa lako. Mimi nina rafiki mzee wa AIC ambaye tunapishana naye kuhusu kunena kwa lugha tangu tujuane, na yeye ndiye mtu wa kwanza ninayempigia simu usiku nikizidiwa. Ananijua kuliko watu wengi wanaoniita baba kiroho. Ninyi washirika wangu, msishangae mkimwona nyumbani kwangu. Mchungaji asiye na mtu wa kumwambia ukweli ni hatari kwa kundi lake.

La tatu, mwite Marko wako. Kuna mtu mliyetengana naye katika huduma. Pengine mligawana hata kwaya na vyombo vya muziki. Huenda hamtafanya kazi pamoja tena, na si lazima. Lakini Krapf alimpokea Rebmann, na Paulo alimwita Marko kabla ya kifo. Usingoje mazishi ndipo ukaseme maneno mazuri kwenye kipaza sauti.

Na kwako wewe unayesoma hii ukiwa peke yako, uliyeachwa na wote uliowasaidia, nina neno la mwisho. Wazee wa Kitui walimlaumu Krapf kwamba ilimpasa kufa pamoja na rafiki yake. Hilo ni jambo kubwa kumdai mwanadamu, na ni wachache wataliweza. Lakini yuko mmoja ambaye katika Yohana 15 aliwaita wanafunzi wake marafiki, akasema hakuna upendo ulio mkubwa kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili yao, na kesho yake akautoa. Yeye hakutoroka usiku. Wote walikimbia, yeye akabaki, akafa, na siku ya tatu akafufuka. Huyo hajakuacha. Anza na yeye, halafu umwombe akufanye rafiki wa namna hiyo kwa mtu mmoja tu hapa Machakos.

Tuombe. Bwana Yesu, Rafiki yetu, tunakushukuru kwa ajili ya wote waliobeba Injili mpaka milango ya mama zetu, wale wenye majina kwenye vyuo na wale waliobeba mizigo bila kuandikwa popote. Utusamehe kwa kuwaacha wenzetu. Mponye mtumishi aliye kitandani. Mtie nguvu aliyebaki peke yake kazini. Mrudishe aliyetuacha, na utupe moyo wa kumpokea. Utufanye marafiki ambao wakiulizwa mwenzao yuko wapi, watakuwa na jibu. Katika jina la Yesu, amina.

Kama umeomba nami, usiandike tu amina hapa chini. Mpigie simu mtu mmoja kwanza, kisha urudi uandike amina. Tutaonana Jumapili, ibada ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Njoo na mwenzako.

Mungu awabariki.
Mchungaji wenu, Machakos